Maswali ninayoulizwa kuhusu bombomu: bunduki za rashasha za vita vya Tanga, 1914

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, hapa Tanga. Jumapili huwatembeza wanafunzi na wageni kwa miguu kutoka stesheni ya reli hadi Raskazone, kwenye ardhi waliyokufa watu kwa mamia mwezi Novemba 1914. Wengi huja kwa ajili ya hadithi ya nyuki. Tukishafika nusu ya njia wanageukia bunduki, na maswali ni yale yale kila wiki, mpaka mke wangu anaweza kuyajibu. Nimeyaandika hapa ili tukikutana tuongee mengine. Najibu kama fundi. Askari sijawahi kuwa, na risasi sijafyatua hata moja.

Mbona unasema "bombomu"? Si ni rashasha?

Ni kitu kilekile. Bombomu ni jina la wazee, nalo limetokana na mlio wake. Rashasha limekuja baadaye, na ukilisikiliza utaisikia rasharasha ya mvua ndani yake. Mimi nimezoea la wazee. Usichanganye na bomu, ambalo hulipuka mara moja likaisha, na Hospitali ya Bombo haihusiki hata kidogo, ingawa kila darasa linakuwa na mtoto mmoja wa kuniuliza.

Nani aliitengeneza, na ilifikaje pwani yetu?

Hiram Maxim, Mmarekani aliyezaliwa jimbo la Maine mwaka 1840 akahamia London. Mwaka 1884 alikuwa na bunduki iliyojipakia yenyewe. Kabla yake zilikuwapo za mtutu mwingi kama Gatling, lakini hizo zilitaka mtu azungushe mkono kama anayekamua miwa. Ya Maxim ilikuwa na mtutu mmoja, na nguvu ya kuizungusha ilitoka kwenye risasi yenyewe. Mzee mwenyewe aliishia kuwa kiziwi, na si ajabu.

Huku kwetu ilifika mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1887 Maxim alimpa Stanley, yule mvumbuzi msafiri, bunduki moja kwa ajili ya safari ya kwenda kumtoa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan. Stanley aliingilia Kongo na wapagazi wengi wa Unguja, akatokea Bagamoyo Desemba 1889. Usiku wa karamu ya kumpokea, Emin Pasha akaanguka kutoka dirishani akapasuka kichwa. Aliponea Bagamoyo hapohapo. Ndugu zetu wa Bagamoyo wanaisimulia habari hiyo vizuri kuliko mimi.

Baada ya hapo historia si ya karamu tena. Khalid bin Barghash, aliyejitangaza sultani, alikuwa nazo kwenye jumba la Unguja tarehe 27 Agosti 1896, hazikumfaa kitu mbele ya mizinga ya manowari, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Wajerumani walikuwa nazo kwenye boma la Mahenge Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolishambulia mchana kweupe. Nikifika hapo kwenye maelezo huwa nanyamaza kidogo. Watu walikuwa wamepewa maji ya kuwakinga na risasi, na mashine iliyowakabili nayo ilikuwa inaishi kwa maji.

Inafanyaje kazi?

Kama umewahi kufungua Singer ya miguu, Maxim haitakushinda. Kwenye cherehani unakanyaga, gurudumu linazunguka, na mzunguko mmoja unafanya kazi kadhaa zinazopokezana: sindano inashuka, uzi unanaswa chini, kitambaa kinasogezwa hatua moja, sindano inapanda. Kila kitu kina zamu yake. Zamu ikipishana kidogo tu, uzi unakatika.

Kwenye Maxim anayekanyaga ni risasi. Baruti ikiwaka, kichwa cha risasi kinakwenda mbele na bunduki inasukumwa nyuma. Ni ule mpigo wa bega anaoujua kila mwindaji. Maxim aliukamata mpigo huo akaufanyisha kazi. Mtutu na komeo, yaani chuma kinachoufunga mtutu kwa nyuma, vinarudi nyuma pamoja vikiwa vimefungana, umbali wa sentimita mbili na kitu. Nyuma ya komeo kuna vyuma viwili vilivyoungwa kama paja na muundi. Vikinyooka, hakuna nguvu ya kuvisukuma nyuma, kama vile huwezi kumwangusha mtu aliyekaza goti. Lakini vikisharudi kiasi, mkono wa pembeni unagonga kizuizi, goti linakunjika, na komeo linaachana na mtutu likiendelea kurudi peke yake.

Likirudi linavuta vitu viwili kwa mpigo mmoja: ganda tupu kutoka kwenye mtutu, na risasi mpya kutoka kwenye ukanda wa risasi. Kisha uso wa komeo unashuka, risasi mpya inakaa usawa wa mtutu na ganda tupu linakaa chini yake. Ubavuni kushoto kuna springi nene ndani ya kisanduku. Imevutwa muda wote huu, sasa inadai chake: inarudisha komeo mbele, risasi inaingia chumbani mwake nyuma ya mtutu, ganda linatupwa nje kwa chini, ukanda umeshasogea hatua moja, goti limenyooka. Ukiwa bado umebonyeza, inalia tena. Yote hayo mara 450 hadi 600 kwa dakika, kutegemea aina ya bunduki na jinsi springi ilivyokazwa.

Waingereza baadaye walitumia Vickers, waliyoipokea jeshini mwaka 1912. Ni Maxim ileile, ila goti limegeuzwa likunjike kwa juu badala ya chini, na vyuma vimepunguzwa. Mabadiliko hayo yaliondoa kilo nyingi. Nayo ilidumu jeshini mwao mpaka 1968. Cherehani ngapi zimedumu hivyo? Singer, labda.

Maji ni ya nini?

Kuupoza mtutu. Lile bomba nene unaloliona mbele kwenye picha si mtutu. Ni tenki, na mtutu mwembamba umepita katikati yake. Linachukua lita 4 hivi. Ukifyatua risasi kama 600 mfululizo maji yanachemka, na kuanzia hapo yanapungua kwa mvuke kila unavyoendelea. Yakiisha, mtutu unakuwa mwekundu na kuharibika.

Mvuke ulikuwa shida ya pili, kwa sababu ulimwonyesha adui mahali ulipo. Dawa yake ilikuwa mpira unaotoka kwenye tenki hadi kwenye debe lenye maji kidogo: mvuke unaingia, unageuka maji, unarudishwa tena kwenye tenki. Wanasimulia kwamba Waingereza walichemshia chai maji hayo. Chai yenye ladha ya oili ya bunduki siitamani, ila kwa Waingereza sishangai.

Wanafunzi wa Tanga huuliza kama wangeweza kuchota bahari, maana iko palepale. Chumvi ya bahari na chuma unavijua mwenyewe kama umewahi kumiliki baiskeli Raskazone. Askari aliyebanwa hutia chochote kilicho majimaji, mkojo ukiwamo, lakini atalipia baadaye kwa kutu.

Maji yalileta kazi nyingine ambayo wasimuliaji wengi huiruka. Mtutu unarudi nyuma na mbele kila risasi, na wakati huohuo lazima maji yasivuje pale unapoingia na kutokea. Waliziba kwa pakingi: uzi wa asbestosi uliolowekwa oili, ukazungushwa kwenye mtutu na kushindiliwa. Ukishindilia sana, mtutu unabanwa na bunduki inakuwa nzito kurudi. Ukilegeza, maji yanatiririka. Kipimo kilikuwa mkononi mwa fundi.

Ilikuwa inapigwaje? Anabonyeza tu na kufagia?

Hiyo ni ya sinema. Mpigaji alikaa chini nyuma ya bunduki, mikono miwili kwenye vishikio viwili, vidole gumba kwenye kibonyezo kilichoko katikati. Msaidizi wake alikuwa kulia, ukanda unakoingilia, akiuongoza uingie umenyooka. Kuipakia, unapitisha ncha ya ukanda, unauvuta, na kuzungusha mkono wa pembeni mara mbili: mara ya kwanza komeo linaishika risasi, mara ya pili linaitia chumbani.

Walipiga kwa vipande vifupi, kisha wakaigonga bunduki ubavuni kwa kiganja isogee kidogo, wakapiga tena. Gonga, piga, gonga, piga.

Jambo ambalo huwa natumia muda mrefu kulieleza, hata kwa kuchora mchangani, ni umbo la mahali risasi zinapoangukia. Ukipiga bombomu kwa mbali, risasi zake hazitawanyiki kama mbegu za kupanda. Zinaangukia kwenye eneo refu na jembamba, kama mkeka wa kuswalia mtu mmoja. Safu ya askari ikija uso kwa uso, mkeka unaikata mahali pamoja tu. Ila ukiikaa ubavuni, mkeka unalala juu ya safu nzima. Kwa hiyo bombomu haikuwekwa mbele ya adui. Iliwekwa pembeni, ikamngoja apite.

Tanga ilikuwaje?

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Waingereza HMS Fox iliingia kudai mji, uliokuwa chini ya Wajerumani, usalimu amri. Waingereza walipoteza muda wakitafuta mabomu ya baharini ambayo hayakuwapo. Meja Jenerali Arthur Aitken alishusha Raskazone jeshi lililotoka India, watu kama 8,000, wengi wao wamechoka na bahari. Upande wa pili kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na kama 1,000, wengi wao askari Waafrika, walioletwa kwa treni kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 alizunguka na baiskeli mpaka bandarini kuangalia hali. Yaani hata vita vyetu vimepiganwa kwa baiskeli. Huu ndio mji wenyewe.

Mchana wa tarehe 4 Waingereza walisonga kupitia mashamba na vichaka. Batalioni ya Loyal North Lancashire na wale wa Kashmir waliingia hadi mitaani, wakapigana nyumba kwa nyumba. Wengine walivunjika njiani. Kushoto kabisa walikuwa 101st Grenadiers, batalioni ya jeshi la India, na kushoto kwao hapakuwa na mtu. Lettow alikuwa amewaweka askari wa akiba upande huohuo. Bombomu zikafunguka kutoka ubavuni, mkeka ukalala juu ya safu.

Waingereza walipoteza zaidi ya 800, waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Upande wa Wajerumani waliokufa walikuwa kama 70, wengi askari Waafrika. Kati ya Wazungu wao alikufa Tom von Prince, ambaye huku Usambara alijulikana kama Bwana Sakarani. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini wakaacha mali ufukweni: bombomu kadhaa, mamia ya bunduki, vifaa vya simu, na risasi zaidi ya nusu milioni.

Hizo zilizotekwa zilitumika?

Sana. Askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser ya 1871, bunduki ya baruti nyeusi: ukipiga, wingu la moshi linakutangaza. Bunduki za kisasa zilizookotwa Tanga zilibadilisha kampuni nzima nzima. Ila kumbuka kwamba risasi ya Mwingereza, .303, haiingii kwenye Maxim ya Mjerumani inayokula milimita 7.92. Bunduki uliyoiteka inaishi muda wote risasi ulizoziteka nayo zikidumu. Basi ikawa vita vya kuteka ili uendelee kupigana. Januari 1915 kule Jasini, kaskazini mwa mkoa wetu, Lettow alishinda tena lakini akatumia risasi kama 200,000, akapiga hesabu na kuona vita vya namna hiyo hawezi kuvipigana mara nyingi. Miaka karibu mitatu baadaye, Novemba 1917, alivuka Ruvuma na kuwavamia Wareno Ngomano, na shabaha kubwa ilikuwa ghala lao.

Bombomu inakwama kwa sababu gani?

Swali langu nilipendalo. Mafundi wa Vickers walifundishwa kutazama mkono wa pembeni kwanza, kabla ya kufungua kitu chochote. Mkono ukiwa umesimama mbali na pale unapolala, komeo halikurudi vya kutosha: labda oili imekauka, pakingi imebana, au springi imekazwa kupita kiasi. Ukisimama karibu zaidi, kuna kitu chumbani. Mara nyingi ganda limekatika na kipande kimebaki ndani. Ukiwa umekaribia kulala lakini haujalala, tatizo ni ukanda kuingia upande. Ukiwa umelala kabisa na bunduki kimya, risasi imekataa kuwaka au pini imevunjika. Dalili nne, na kila moja na tiba yake, na mpigaji alizifanyia mazoezi hata gizani. Mimi pia mteja akileta cherehani sianzi na bisibisi. Nazungusha gurudumu kwa mkono na kusikiliza linapogoma.

Ganda kukatika kulitokana na nafasi kati ya komeo na mtutu. Ikizidi hata kwa unene wa karatasi, ganda linavutika na kupasuka. Waliirekebisha kwa washa nyembamba, wakiongeza au kupunguza.

Na ukanda! Ulikuwa wa turubai, umeshonwa vifuko 250. Ukilowa unavimba na kubana risasi, komeo linashindwa kuzing'oa. Ukikauka vibaya unapinda. Ukichakaa unalegea na risasi zinakaa kombo. Mtu aliyefua khanga mpya na kuiona inarudi anajua pamba inavyofanya. Fikiria mvua ya vuli, Novemba, pwani ya Tanga, halafu fikiria mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha mita kadhaa za turubai haziloi.

Na nyuki je? Ni kweli au ni porojo?

Ni kweli. Mizinga ilikuwa imetundikwa mitini, kama inavyotundikwa mpaka leo, na risasi zilipopita nyuki wakatoka. Waingereza walisema baadaye kwamba Wajerumani waliwafundisha. Porojo ni hiyo. Watu wengi hawasimulii nusu ya pili: Lettow mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake kwamba saa ile ya kuamua, bombomu zote za kampuni yake moja zilinyamazishwa na nyuki haohao. Mpigaji ana mikono miwili na yote iko kwenye vishikio. Nyuki wakija atachagua nini?

Ilisafishwaje?

Kwa maji ya moto. Watu hushangaa, maana tumelelewa kuambiwa chuma na maji ni maadui.

Fataki za zamani, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachogongwa na pini, zilikuwa na chumvi ya potasi. Ikiwaka huacha ndani ya mtutu mabaki ya jamii ya chumvi ya jikoni. Chumvi hiyo huvuta unyevu hewani. Ukipaka oili juu yake umeifunika tu, nayo itaendelea kula chuma chini ya oili, na kwa unyevu wa pwani kesho yake utakuta rangi ya chungwa. Oili haiyeyushi chumvi, maji yanaiyeyusha. Kwa hiyo unamwaga maji yanayochemka ndani ya mtutu, chumvi inatoka, joto lenyewe linaukausha, unapitisha kitambaa kikavu, kisha ndipo oili. Wenye bunduki hizi leo wakitumia risasi za zamani hufanya vilevile.

Komeo lilitolewa, likafutwa na kuoshwa kwa mafuta ya taa au kitu cha jamii hiyo, likapakwa oili nyembamba. Sehemu zinazosuguana zilipata oili, hazikupata grisi nyingi, kwa sababu grisi ikichanganyika na vumbi inakuwa msasa. Mtutu wa Vickers ulihesabiwa kuwa umechoka baada ya risasi kama 10,000, ukabadilishwa, na watu waliofundishwa walimaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Hata ukiwa mzima, risasi zinapoanza kutua kombo kwenye shabaha unajua mfereji wa ndani umelika.

Nani aliibeba?

Maxim ya Kijerumani ya mwaka 1908 ilikuwa zaidi ya kilo 25 ikiwa na maji, bila kigoda chake, ambacho ni kizito kuliko bunduki yenyewe. Ongeza masanduku ya mikanda, debe, mtutu wa akiba. Nzi wa ndorobo waliwaua wanyama wa mizigo, kwa hiyo yote yalipanda vichwani mwa wapagazi. Walikufa makumi ya maelfu katika vita hivyo, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi, pande zote mbili. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam limetokana na kikosi cha wabebaji wa Waingereza. Makaburi ya maafisa hapa Tanga yana majina. Wapagazi wengi hawana hata kaburi.

Kuna watu bado wanazipiga?

Wapo. Marekani mtu binafsi anaweza kumiliki iliyosajiliwa kabla ya Mei 1986, kwa kibali cha serikali kuu na katika majimbo yanayoruhusu, na hukutana viwanjani kuzipiga kwa burudani. Bei zake ni za nyumba. Pakingi zao siku hizi si za asbestosi, kwa sababu vumbi lake linaua mapafu. Na katika vita vya Ukraine zimeonekana Maxim za Kirusi za mfano wa 1910 zikiwa kazini, zikiwa na maji na ukanda wa turubai. Zaidi ya miaka 100. Mimi huishia kutikisa kichwa.

Hapa Tanzania naweza kuwa nayo?

Hapana. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu raia kumiliki silaha inayojifyatua mfululizo, na uzee wake haukuokoi. Usiniulize tena.

Nimechimba msingi nikaokota risasi. Je?

Usiigonge, usiipige msasa ing'ae, usiipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu, usiitie motoni. Udongo hauiui baruti kama watu wanavyofikiri. Iache palepale, weka alama, watoe watoto, mwite mwenyekiti wa mtaa na polisi.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunapuliza maganda matupu kama filimbi, tukiweka mdomo wa ganda chini ya mdomo wetu. Siku moja kijana wa mtaani kwetu alileta lenye kichwa chake, akataka kuking'oa kwa koleo ili apate filimbi yake. Mama yake alimnyang'anya akamchapa, na sisi tukaona kaonewa. Sasa nina wajukuu, na ningemchapa mwenyewe.

Familia yetu ina kipande cha chuma, wazee wanasema ni cha bombomu. Tukitunzeje?

Kwanza kionwe na polisi, hata kama unaamini ni bomba tu. Kikishathibitishwa kuwa hakina madhara, na mkaruhusiwa kukaa nacho au kukitoa kwa makumbusho, msikipige msasa. Kila mtu anataka king'ae. Alama za kiwandani, namba na mikwaruzo ya vita viko kwenye ule ngozi wa juu unaotaka kuukwangua. Kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kishike kwa glavu kwa sababu jasho nalo lina chumvi, kipake nta nyembamba, kikae mbali na sakafu na dirisha la upande wa bahari. Ukiona uzi mweupe au wa kijivu umezungushwa kwenye bomba, usiuguse wala kuupuliza. Huenda ni ile asbestosi.

Tanga tuna makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani, na picha na maelezo yake ni pa kuanzia. Chuma kilichofungiwa ndani ya kabati Makorora hakimfundishi mtu.

Matembezi yanaanza saa ngapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stesheni, kabla jua halijawa kali. Vaa viatu vya kufunika vidole. Kila mtu aje na maji yake, na asije amejipaka manukato, kwa sababu mizinga ya nyuki bado iko.